Kila wimbo ukianza wanasogeza mbele. Nyie mnaopenda katuni za kuimba mnaishije na watu wenu wa nyumbani?

Mpenda_Kibwagizo

Habarini wakuu, naombeni mawazo yenu kwa hili maana hapa nyumbani sina wa kuongea naye.

Mimi ni dada wa miaka 26 na napenda sana muvi za katuni zenye nyimbo, zile ambazo mhusika jambo likimzidi moyoni haongei tena, anaimba. Nimezipenda toka mdogo. Wenzangu wote walizipenda pia kipindi kile, halafu wakakua wakaziacha, mi nimekua nazo. Nikiwa safarini masikioni ni hizo, nikiwa na mawazo ni hizo, nikifurahi ni hizo hizo. Kuna nyimbo kinanda kikigonga mara moja tu najua muimbaji anavuta pumzi wapi.

Sasa shida ni kwamba sina hata mtu mmoja wa kusikiliza naye. Marafiki zangu nikituma wimbo kwenye grupu wananijibu kikatuni cha mtoto mchanga, mada inahamia kwingine. Baba akipita sebuleni akakuta naangalia anauliza "bado tu na haya makatuni?", hasemi kwa ubaya jamani, ila anasema kila mara na kila mara inanichoma pale pale. Mama ananionea huruma, anakuja anakaa, dakika tano kashasinzia.

Kilichonifanya niandike ni Jumamosi iliyopita. Mdogo wangu wa kiume alikubali kuangalia na mimi Beauty and the Beast, ile ya katuni ya 1991. Nilifurahi sana yani toka asubuhi nafanya kazi zangu haraka haraka ili jioni niwe huru. Rimoti akawa nayo yeye. Wimbo wa kwanza ukaanza, akasogeza mbele. Nikamwambia jamani, akasema "dada hapa wanaimba tu, ngoja wamalize tuendelee na stori". Nikanyamaza, sikutaka aondoke. Wa baa ukaja, akasogeza. Ule wa sahani na vijiko vinavyocheza, akasogeza.

Tukafika ule mfupi wa katikati. Wako nje kwenye theluji, yule mnyama anataka kulisha ndege, anawasukumia punje na yale mikono yake makubwa ndege wanarudi nyuma, mpaka Belle, yule binti anayeishi naye kwenye kasri, anainama anamwonyesha, anamwagia punje kidogo kidogo na ndege mmoja anasogea mpaka kiganjani kwake. Na hapo kila mmoja anaimba kimoyomoyo peke yake, hawaimbiani, kila mtu anajishangaa mwenyewe kwamba mbona huyu leo simwoni kama nilivyokuwa namwona. Dakika mbili na ushee tu. Akasogeza mbele. Muvi ikaendelea ikafika wanacheza ule muziki wa taratibu ukumbini, mdogo wangu akanigeukia akaniuliza, "sasa hawa wamependana saa ngapi?"

Wakuu nilishindwa kumjibu. Jibu lake lilikuwa ndani ya zile dakika mbili alizozipitisha. Nikamwambia tu endelea kuangalia. Baadaye chumbani nililia, na najua kuna watu wataona ni kitu kidogo lakini kwangu sio kidogo, niliona kama vile ananiambia sehemu yako unayoipenda ndio sehemu ya kuruka.

Swali langu, nyie wenye mapenzi haya mnaishije? Niache kabisa kuwaonyesha nibaki nayo mwenyewe, au kuna namna? Na naombeni msinambie nitafute marafiki wengine. Hawa nawapenda, nataka hawa hawa.

---

Mgeni_wa_Sebuleni

Pole dada. Swali dogo tu kabla sijasema lolote, je ulimwambia mdogo wako kwamba ilikuuma, au ulinyamaza ukategemea aone mwenyewe?

---

Mpenda_Kibwagizo

Nilinyamaza.

---

BabaMapacha

Dada mimi niko upande wa huyo mdogo wako kwahiyo nisikilize vizuri, mimi ndo mshika rimoti wa nyumba yangu na mke wangu ndo wewe.

Ngoja nikueleze kinachotupata sisi maana naona hamtujui. Sio dharau. Mtu anaongea kawaida vizuri, stori inaenda, ghafla anaangalia juu anaanza kuimba vitu vyote vilivyo moyoni mwake, mimi napata aibu. Aibu ya kweli kweli, kama vile nimefungua mlango bila hodi nikamkuta mtu anasali peke yake. Sijui niangalie wapi. Sasa mkono wenyewe unaenda kwenye rimoti, sio kwamba nimekaa nikafikiria kuwa wimbo huu hauna maana. Naondoa ile aibu basi. Na nikisema "hizi za watoto" najitetea mimi, wala simshambulii yeye, ila nakiri kwamba nilichelewa kujua hivo na mke wangu aliumia kwa miaka kama unavyoumia wewe.

Kilichonibadilisha kidogo (kidogo, sijawa mpenzi) sio muvi. Mke wangu ana tabia ya kuimbaimba akiwa anakunja nguo, kuna wimbo mmoja alikuwa anaurudia miezi na miezi, sikuwahi kuuliza ni wa nini. Siku moja nawalaza wanangu mmoja anasumbua halali, nikajikuta naimba ule wimbo, maneno nusu nusu, nayajua bila kujua nimeyajulia wapi. Mtoto akalala. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni hakusema kitu, hakusema "si unaona", alinyamaza tu akaenda zake. Angesema pale pale kwamba amenishinda ningeuchukia ule wimbo mpaka leo. Wiki iliyofuata mwenyewe nikamuuliza ule wimbo umetoka wapi, nikaangalia ile muvi, na wimbo ulipofika sikupata ile aibu maana tayari ulikuwa wangu.

Kwahiyo ushauri wangu, wimbo uwafikie kabla ya muvi. Na ukiwafikia usiwaangalie usoni. Nyie mna tabia moja, samahani kusema, mkituwekea kitu mnachokipenda mnaacha kuangalia tv mnatuangalia sisi. Tunajua. Tunahisi kabisa upande wa shavu. Mtu hawezi kuguswa na kitu akiwa anasubiriwa aguswe.

---

Sauti_ya_Pili

Nimesoma hii mada nikakaa muda kidogo kabla ya kujibu, maana mimi nimeimba kwaya miaka mingi na haya mambo ya wimbo kuitwa "wanaimba tu" nayajua vizuri.

Dada nikupe stori moja ya kweli naona itakufaa. Mtu aliyeandika maneno ya nyimbo za hiyo Beauty and the Beast anaitwa Howard Ashman, muziki ukatungwa na Alan Menken. Hawa wawili walitokea kwenye tamthilia za jukwaani, na Ashman ndiye aliyekuja na ile kanuni ya jukwaani akaiingiza kwenye katuni, kwamba mapema kabisa kwenye hadithi mhusika mkuu lazima aimbe kile anachokitaka. Sisi tunauita wimbo wa kutamani. Ukishaujua utauona kila mahali, yule binti wa baharini anayetaka kuishi nchi kavu, Belle anayetaka maisha makubwa kuliko kijiji chake, Moana anayeitwa na bahari. Ukiruka ule wimbo unabaki na mtu anayekimbia huku na kule bila kujua anakimbilia nini.

Sasa sikia. Wakati wanatengeneza The Little Mermaid iliyotoka 1989, waliionyesha kwa watoto kabla haijakamilika kuona wanaipokeaje, na ulipofika ule wimbo wa kutamani wa Ariel, huyo binti wa baharini, picha zilikuwa bado ni michoro tu, watoto wakaanza kuhangaika kwenye viti. Mkuu wa studio, Jeffrey Katzenberg, akataka wimbo ukatwe. Yani rimoti ile ile ya mdogo wako, ila kubwa, ingeondoa wimbo kwa dunia nzima. Ashman akagoma kabisa, wachoraji nao wakautetea, ukabaki. Leo ukimtaja Ariel ndo wimbo wenyewe watu wanaoukumbuka.

Ashman alifariki Machi 1991 kwa ukimwi, ana miaka 40, Beauty and the Beast ikatoka Novemba mwaka huo huo, hakuiona ikiingia kumbini. Mwisho wa muvi wameandika kwamba imetolewa kwa ajili ya rafiki yao Howard aliyempa nguva sauti na mnyama roho. Mdogo wako hakufika hapo nadhani. Na hiyo muvi ndo ikawa katuni ya kwanza kabisa kuingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar cha filamu bora ya mwaka, pamoja na filamu za watu wazima.

Kingine ambacho wengi hawakijui, kwenye hizi muvi sauti inatangulia. Muimbaji anaingia studio anaimba kwanza, mchoraji anasikiliza ndo anachora mdomo, mabega, kifua kinavyopanda akivuta pumzi. Kwahiyo pale unaposema unajua muimbaji anavuta pumzi wapi, na mchoraji alikuwa anaisikiliza pumzi hiyo hiyo. Huko ndiko ulikokuwa muda wote, na watu waliotengeneza walitaka mtu kama wewe.

Kuna hata hadithi zilizobadilika sababu ya wimbo. Frozen ya 2013, Elsa, yule malkia mwenye nguvu za barafu, alikuwa amepangwa awe mtu mbaya. Kristen Anderson-Lopez na mumewe Robert Lopez wakaandika ule wimbo wake wa mlimani, watengenezaji walipousikia wakaona huyu sio mbaya, huyu ni mtu aliyeogopa miaka yote, ikabidi stori iandikwe upya. Sasa mtu aniambie nyimbo ni pambo.

---

Kauli_Moja

Naheshimu maelezo yote hapo juu ila mtoa mada, kwanini lazima wapende? Mimi napenda mambo yangu ambayo nyumbani hakuna anayeyajua na naishi vizuri. Kumpenda ndugu yako sio lazima apende unachopenda. Kaa na hedifoni zako angalia kwa raha zako.

---

Mpenda_Kibwagizo

@Kauli_Moja nimekuelewa kaka na labda sikuandika vizuri. Sitaki wapende. Nataka wajue. Kuna tofauti, baba yangu anapenda kusikiliza mpira redioni, mimi mpira siujui hata kidogo lakini najua timu yake ikifungwa jioni hiyo nisimuulize mambo mengi, najua akisogeza kiti karibu na redio ni dakika za mwisho. Sijawahi kupenda mpira, ila nampenda anavyosogeza kiti. Hicho ndo nakitaka mimi, mtu ajue kiti changu nasogeza wapi.

@BabaMapacha hilo la kuangalia watu usoni ni kweli nafanya, nimeshtuka kulisoma. Na hilo la aibu sikuwahi kulifikiria, siku zote nimedhani ni dharau. Asante sana.

@Sauti_ya_Pili nilikuwa sijui hiyo ya sauti kutangulia, nimerudi kuangalia kifua cha Ariel kinavyopanda, ni kweli kabisa.

---

Tausi_wa_Jioni

Mwanangu, nakuita mwanangu maana mimi nina miaka 53 na bado nazipenda. Nimeishi na mume ambaye hajawahi kumaliza hata moja, na watoto walioziacha walipofika sekondari, kwahiyo miaka mingi nimeangalia peke yangu na sikuona shida, nilishazoea. Sikuandikii kukwambia uzoee. Nakuandikia kwa sababu ya mama yangu.

Mama yangu miaka yake ya mwisho alianza kusahau. Kwanza vitu, halafu siku, halafu majina, halafu sisi. Kipindi hicho ndo nilikuwa nimeangalia Coco, ile ya 2017, na kama umeiona unajua kuna wimbo mmoja unaimbwa mara kadhaa. Mara ya kwanza ni staa jukwaani na mavazi yanang'aa, wimbo wa haraka, wa kujionyesha, unaweza kuusikia ukaona ni wimbo wa kawaida tu. Mara nyingine ni baba anamuimbia binti yake mdogo kabla ya safari, taratibu, gitaa moja, na hapo ndo unajua ulitungiwa nani. Na mara ile nyingine ni kitukuu anamuimbia huyo huyo binti ambaye sasa ni bibi kizee kwenye kiti, hamtambui mtu, na kidole chake kinaanza kufuata mdundo. Wimbo ni ule ule. Anayeruka nyimbo ataona kwamba wanarudia kitu kile kile, wakati kinachobadilika ndo muvi yenyewe.

Mimi nilijaribu na mama. Sio wimbo wa muvi, hapana, wimbo aliokuwa akituimbia sisi tukiwa wadogo. Nilimshika mkono nikaimba. Hakunitaja jina, sitaki kukudanganya, hakunitaja. Lakini alimalizia ubeti. Mimi niliishia njiani kwa sababu ya machozi yeye akamalizia.

Mume wangu alikuwa chumba cha pili. Usiku ule alikuja akaniuliza nilitoa wapi wazo la kuimba. Nikamwambia kwenye katuni. Hakucheka. Mpaka leo hajaangalia Coco lakini nikiiweka anapunguza sauti ya redio yake, na kwangu mimi hilo limetosha kabisa. Ile uliyosema ya kiti cha baba yako nimeielewa sana.

---

Rafiki_wa_Pumbaa

Mimi naleta ya vitendo maana wengine wamemaliza ya moyoni.

Kwa mdogo wako usianze na muvi nzima tena. Mwambie ukweli kwamba uliumia, halafu muombe akupe dakika tatu, wimbo mmoja tu, ule ule wa ndege alioupitisha. Tayari ana swali kichwani (walipendana saa ngapi) kwahiyo wimbo unakuja kama jibu, haji kusikiliza kwa kukufurahisha.

Kwa marafiki, tumia The Lion King, 1994. Sisi tunaoongea Kiswahili tuna bahati na hii, mtu anacheka toka anasikia majina, Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, Pumbaa kapumbaa kweli. Ila kuna kitu nakiona kila mara, watu wanadhani ule mwito wa alfajiri mwanzo kabisa nao ni Kiswahili. Ni Kizulu, anaimba Lebo M wa Afrika Kusini, na maana yake ni ya kawaida kabisa, anatangaza kwamba simba anakuja. Waambie hivyo kabla hujawasha, halafu wasikilize na spika nzuri sio ya simu. Muvi nzima mtaona baadaye wakitaka.

Kwa baba ambaye anasema ni za watoto, kama ni mtu wa maandiko muwekee The Prince of Egypt, 1998. Ni Musa na Farao. Nyimbo zimeandikwa na Stephen Schwartz, muziki wa Hans Zimmer. Kuna wimbo wa mapigo, Misri inaharibika, na wale wawili waliolelewa kama ndugu wanaimba kila mmoja upande wake, mmoja anamsihi mwenzake na mwenzake anazidi kuwa mgumu, sauti zinapishana mpaka mwisho zinagongana. Sijaona mtu mzima akaita hiyo ya watoto akiwa ameiangalia. Halafu stori anaijua tayari, hatakuwa na haja ya kusogeza mbele kutafuta itaishaje.

Na hilo neno la "katuni za watoto" lisikuumize sana, ni la zamani kuliko sisi wote. Walt Disney alipokuwa anatengeneza Snow White watu wa Hollywood waliita upuuzi wa Disney, kwamba nani atakaa kuangalia katuni ndefu vile. Ikaonyeshwa Desemba 1937, watu wazima waliovaa suti wakalia pale Snow White amelazwa na wale wafupi wamemzunguka.

---

Mgeni_wa_Sebuleni

Nakubaliana na Rafiki hapo juu, hasa la kumwambia ukweli. Mimi niliuliza lile swali kwa sababu dada yangu alinifanyia hivyo hivyo, alininyamazia miaka, nikaja kujua kwa rafiki yake kwamba alikuwa anaumia nikimcheka. Nilijisikia vibaya sana. Mdogo wako hajui. Mtu akiwa na rimoti mkononi anaona tv tu, wewe haoni. Mwambie siku ya kawaida, wakati hamna muvi, kwa sentensi mbili.

---

Mpenda_Kibwagizo

Wakuu nimerudi, ni wiki mbili sasa, niliahidi moyoni kwamba nikifanya lolote ntakuja kusema.

Marafiki kwanza. Hakuna kilichobadilika, nilijaribu ile ya Lebo M, mmoja akasema kumbe ni Kizulu, basi, wakaendelea na mambo mengine. Sijaumia kama zamani, sijui kwanini, labda kwa sababu sikuwa nawaangalia usoni kusubiri.

Baba, nilifanya kama mlivyosema. Niliweka The Prince of Egypt siku ambayo yuko nyumbani, sikumuita, sauti nikaiacha ya kutosha. Akapita, akasimama mlangoni. "Huyu ni nani?" Nikasema Musa. Hakukaa. Alisimama pale pale mlangoni ameegemea fremu, kikombe mkononi, na ule wimbo wa mapigo ulipita wote kasimama na kikombe kikapoa. Ulipoisha akasema, "kwenye maandiko Haruni ndiye aliyekuwa anaongea, hapa wamempunguza sana." Halafu akaenda. Jioni kwenye chakula akarudia tena habari ya Haruni kwa mama, kwa kirefu, mpaka mama akaniuliza hiyo muvi inaitwaje. Siku hizo mbili hakuuliza "bado tu na haya makatuni". Jana ameuliza tena hahaha, lakini kauliza akiwa anakaa.

Mdogo wangu. Nilimwambia tukiwa tunaosha vyombo, sentensi mbili kama mlivyosema, kwamba ulipokuwa unasogeza zile nyimbo niliumia kwa sababu ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Alinyamaza. Akasema "si ungesema dada". Nikamwambia nasema sasa. Nikamuomba dakika tatu, akafuta mikono, tukakaa kitandani kwangu na simu, nikamuwekea ule wimbo wa ndege. Nilijilazimisha kuangalia skrini tu, ilikuwa ngumu jamani BabaMapacha ulisema kweli, shavu langu lote linataka kugeuka. Wimbo ukaisha. Nikasubiri. Akasema, "rudisha pale anapomwagia punje." Nikarudisha. Akaangalia, akasema kumbe ni hapa. Basi, akaenda kulala.

Hajasema kapenda na sijamuuliza. Ila leo mchana kanitumia meseji kwamba Jumamosi tuangalie tena yote toka mwanzo, na kwamba rimoti nitashika mimi.

---

BabaMapacha

Nimeisoma mara mbili. Nimemsomea na mke wangu.

Dada Jumamosi mkifika pale pa ndege usiseme kitu.

---

Mpenda_Kibwagizo

Sitasema.